Gonga Kwanza

Kijijini kwetu nyumba ni kumi na saba,
mapaa yameota nyasi, kondoo ni wabishi kuliko watu,
na nyuma yetu mwamba: mita mia nne za jiwe jeusi
lililosimama wima kama mtu aliyekataa kuketi mbele ya wageni.

Baba alikuwa akishushwa humo kwa kamba.
Wanaume wanane juu, wamekita visigino,
yeye chini ananing'inia, wavu mkononi,
akiwadaka ndege hewani kama unavyopokea chenji.
Kidole chake cha kati kiko huko bado,
ufa wa tatu kutoka kushoto.
Akiulizwa husema: nilikiweka amana.

Mimi, Marjun binti Hanus, sikushushwa.
Nilikwenda kusoma Tórshavn, kisha mbali zaidi,
nikarudi na sanduku la alumini na deni la benki.
Sandukuni, mnyama wa miguu sita,
kila unyayo ndoana mia mbili nyembamba kama singa,
za kupapasa mikwaruzo ambayo jicho haliioni:
kushika, kuachia, kushika.
Tukamwita Kaa.
Wakubwa wa barabara walitaka kujua
ufa wa juu unapanuka kiasi gani,
na hakuna bima ya kumlipia mtu akautazame.

Siku ya kwanza watu walitoka na vikombe vya kahawa.
Kaa akapanda, mota zikivuma kama nyuki ndani ya chupa.
Mita thelathini. Sitini.
Ndege wakamzomea, wakamnyea, akapanda.
Bi Ragnhild akapiga makofi.
Kwenye mita ya tisini na moja, jiwe aliloshika
(jiwe zuri, mikwaruzo tele, taa zote kijani)
likang'oka kama jino la mtoto,
na Kaa akaja nalo, amelikumbatia.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Yeye alivunjika manne.

Baba hakucheka. Aliliokota lile jiwe,
ndoana bado zimeling'ang'ania.
"Kushika anajua," akasema. "Kushuku hajui."
Akanipeleka chini ya mwamba,
akagonga kwa vifundo vya mkono wa vidole vinne.
Ko. Ko. Ko. "Huyu yupo nyumbani."
Akasogea hatua moja.
Kob. Kob. "Huyu keshahama, ameacha mlango tu."
Mimi sikusikia tofauti.
Akanifumba macho kwa kiganja kinachonuka sufu,
akagonga tena.

Majira yote ya baridi, jua likichomoza saa nne
na kuzama saa tisa, tulikaa ghalani tukirekodi.
Baba anagonga, mimi naandika:
zima, zima, bovu, zima, sijui.
Mawe elfu mbili mia tatu na mawili.
Beinir, mwenzangu wa hesabu, alitaka kuzifuta
sijui zote; zinachafua jedwali, alisema.
"Ziache," Baba akamwambia.
"Hizo ndizo zilizonifikisha uzeeni."

Kwa hiyo sasa Kaa ana mguu wa saba, mfupi,
wenye kinyundo kikubwa kama punje ya dengu.
Hatii uzito mahali asipopagonga.
Akijibiwa vibaya huzunguka.
Akijibiwa sijui husimama, akatuita kwa redio.
Wafadhili wamelalamika: mita nne kwa saa!
Konokono wa bustanini angemwacha nyuma.

Mwezi wa tano alifika kwenye ufa.
Milimita kumi na moja tangu vuli. Tukaandika barua.
Mjini hawajajibu.
Kidole hatukukiona.

Baba hatoki siku hizi, magoti yamemkataa.
Dirisha huliacha wazi hata kukinyesha,
na upepo ukitulia twasikia kutoka juu:
ko, ko, ko.
Jana usiku mlio ukakatika.
Kioo cha kompyuta magotini mwangu kikaandika: sijui.
Baba alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala.
"Mwambie agonge tena," akasema,
"lakini safari hii pembeni kidogo."